Mshenga wa Chumba cha Marubani

Wasomaji wataniwia radhi nisipoitaja nchi yenyewe. Si kwamba naogopa. Nchi hiyo ina adabu nyingi, na kutajwa jina mbele za watu huona ni sawa na kunyooshewa kidole. Itoshe kusema kwamba ina milima, ina maziwa, ina Shirika la Ndege la Taifa, na kwamba kwa muda mrefu vitu hivi vilikuwa vikikutana mara nyingi kuliko inavyofaa.

Baada ya ndege ya pili kuingia ziwani, serikali iliwaalika wachunguzi kutoka ng'ambo. Walikuwa watu wakavu, wasiopenda hotuba. Walisikiliza vinasa sauti, wakapima vyuma, wakaandika ripoti fupi. Ripoti ilisema injini zilikuwa nzima, mafuta yalikuwapo na anga ilikuwa nyeupe. Kilichoua watu ni kwamba rubani mkuu alikosea, na rubani msaidizi, aliyeliona kosa hilo waziwazi, hakumwambia. Katika ndege ya kwanza msaidizi alisikika akisema, "Mzee, leo maji ya ziwa yametulia." Katika ya pili msaidizi aliuliza, "Mzee, hivi wewe unapenda samaki?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno makali kuliko yote yaliyowahi kutamkwa na mdogo kwa mkubwa wake tangu Shirika lianzishwe.

Wachunguzi walipendekeza jambo moja tu: mdogo aruhusiwe kumwambia mkubwa kwamba amekosea. Kisha wakapanda ndege kurudi kwao. Walipanda ya shirika jingine.

Waziri wa Usafiri wa Anga, Mheshimiwa Profesa Nikodemu Lwambano, aliisoma ripoti hiyo kwa makini, akaielewa kwa namna yake. Aliipeleka bungeni akiwa amevaa suti nyeusi, kwani msiba wa ndege ya pili ulikuwa haujaisha.

"Waheshimiwa wabunge," alisema, "wenzetu wametuambia tatizo letu ni mazungumzo kati ya mdogo na mkubwa. Tunawashukuru. Lakini tatizo hilo babu zetu walilimaliza kabla ndege haijabuniwa! Kijana akitaka kuoa, huenda mwenyewe kwa baba wa binti akasema nipe?"

"Haendi!" wabunge waliitikia.

"Humtuma nani?"

"Mshenga!"

"Sasa, ikiwa jambo dogo kama ndoa linahitaji mshenga, jambo kubwa kama kumwambia Kapteni kwamba mbele yake kuna mlima tutaliacha lisemwe hivi hivi, kama watu wanaogombania fungu la nyanya?"

Wabunge walipiga meza mpaka glasi za maji zikacheza. Sheria ya Heshima Angani ilipita siku hiyo hiyo, na mbunge mmoja wa upinzani aliyetaka kuuliza swali aliambiwa kwamba yeye ni mdogo kwa Waziri na kwamba mshenga wake hajafika.

*

Sheria yenyewe ilikuwa rahisi. Nyuma ya viti vya marubani kiliwekwa kiti cha tatu, cha mshenga. Mshenga alitakiwa awe mtu mzima, mwenye ndoa, mwenye kofia safi na methali za kutosha. Hakutakiwa kujua lolote kuhusu ndege, kwa sababu mshenga anayelijua jambo mwisho wake huegemea upande mmoja.

Msaidizi akiona kasoro, alimweleza mshenga. Mshenga alimsalimu Kapteni, akamjulia hali yeye na watu wake, kisha akapewa kifungua mdomo, kwani mshenga hafungui mdomo mkavu. Kifungua mdomo, kwa mujibu wa kanuni, kilikuwa pakiti ya karanga. Baada ya hapo alilizunguka jambo kama ipasavyo, akalifikisha. Neno lolote ambalo msaidizi angelisema kwa Kapteni moja kwa moja lilihesabiwa kuwa halikusikika.

Hapa inafaa kutaja ukweli mmoja ambao Wizara iliuona ni wa kiufundi mno. Ndege za Shirika zilikwenda kilomita saba kwa dakika. Salamu kamili, ikifanywa na mtu anayejua kusalimu, haipungui dakika nne.

Ilibaki mashine. Katika kila ndege kulikuwa na kifaa cha tahadhari, ambacho ndege ikikaribia ardhi isivyotakiwa hupiga kelele: "Ardhi! Ardhi! Panda juu!" Chama cha Marubani Wakuu kilikuwa kimelalamika siku nyingi. Sauti ilikuwa ya mwanamke asiyefahamika, haisalimu, na inaamrisha watu wazima mbele ya wadogo zao. Wizara ikamwita mtangazaji mwenye sauti laini kuliko wote wa Redio ya Taifa, akarekodi upya. Sasa kifaa kilisema: "Hodi." Kikiitikiwa "Karibu," kiliendelea: "Samahani kwa kuwakatiza. Kama haitakuwa usumbufu, kuna ardhi hapa jirani." Kisipoitikiwa, kilipiga hodi ya pili, na ya tatu, kisha kikanyamaza. Hodi ni tatu. Usipokaribishwa unarudi ulikotoka. Hata mtoto anajua.

Waziri alikizindua kifaa hicho yeye mwenyewe. Alisema ni mara ya kwanza duniani kwa mashine kulelewa vizuri.

*

Asteria Mkude alikuwa rubani msaidizi. Chuoni alifaulu masomo yote isipokuwa Salamu, ambalo alilirudia. Tangu utotoni alitaka jambo moja tu: siku moja akae kiti cha kushoto, kiti cha Kapteni, na leseni yake ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kufika huko. Kwa hiyo alijifunza kunyamaza. Alinyamaza vizuri, kiasi kwamba katika ripoti zake za mwaka wakubwa waliandika: "Anatia matumaini."

Asubuhi moja alipangiwa kuruka na Kapteni Mwinyimvua Kondo kutoka mji mkuu hadi Mabungo, mji ulio nyuma ya Mlima Kitonge. Kapteni Mwinyimvua alikuwa mkongwe kuliko marubani wote nchini. Hakuwa rubani mbaya. Alikuwa rubani mzuri ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwambia lolote kwa miaka mingi, na hali hiyo humharibu hata mtu mzuri.

Safari ya Mabungo aliipima kwa chai. Ndege ilipomaliza kupanda, aliletewa kikombe cha chai ya tangawizi. Alikunywa taratibu. Kikombe kilipoisha, mlima ulikuwa nyuma, naye aliteremka. Njia hiyo haikuwa imewahi kumwangusha. Lakini asubuhi hiyo upepo mkali ulikuwa unavuma kutoka mbele na ndege ilikuwa ikijikongoja. Chai haikuwa na habari za upepo.

Kapteni alimeza funda la mwisho, akamrudishia kikombe mhudumu, dada mmoja aitwaye Mwasiti, akaanza kuteremsha ndege kuingia mawinguni.

Asteria alitazama vipimo mbele yake. Mlima haukuwa nyuma.

"Mzee Salehe," alimgeukia mshenga, "mwambie Kapteni hatujaupita Kitonge. Tuko chini ya kilele chake. Apande sasa hivi."

Mshenga, Mzee Salehe Kigosi, alikuwa amewaoza nusu ya wasichana wa mtaani kwao na hakuna ndoa yake hata moja iliyovunjika mapema. Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa.

"Nimelipokea, binti yangu. Tulia. Jambo la watu wazima haliendi mbio."

"Ndege inakwenda mbio, mzee."

"Ndege ni chuma. Sisi ni watu." Akakohoa. "Mwenye nyumba, umeamkaje?"

"Salama, Mzee Salehe," alisema Kapteni kwa furaha, maana safari ilikuwa imeanza kumchosha. "Karibu."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Yule wa kike, sikio lake?"

"Limepona, tunamshukuru Mungu."

"Na shamba?"

"Ah, shamba! Nguruwe wameingia kwenye mihogo. Wamenilia mpaka mbegu."

"Pole sana. Nguruwe hana mwiko."

"Mlima!" alisema Asteria. "Kapteni, mlima uko mbele yetu!"

Kisheria hakuna aliyesikia. Lakini Kapteni alitikisa kichwa kidogo. "Unaona, Mzee Salehe? Watu wanazungumza habari za mihogo, mtoto anataja milima."

"Ndio vijana tulionao," mshenga alikubali. "Sasa, Kapteni, mimi nimetumwa. Na mjumbe hauawi."

"Hauawi. Sema."

"Mdomo mzito, mwenye nyumba."

"Loo, samahani!" Kapteni alijipapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali, akatoa pakiti ya karanga. Haikutaka kufunguka. Aliachia usukani ili aikamate vizuri, akairarua kwa meno, kisha akaurudia usukani. Mzee Salehe alipokea kwa mikono miwili, akatafuna karanga ya kwanza, kisha ya pili, bila haraka, kama mtu anayeheshimu alichopewa.

"Nyumba ya kulia," alianza, akimwashiria Asteria kwa kidevu, "wameona kitu mbele ya nyumba yako."

"Kitu gani?"

"Kitu kikubwa. Kimesimama mahali pake. Kina heshima zake."

"Ni mtu mzima?"

"Mtu mzima kuliko mimi na wewe."

"Basi akifika nitampokea," alisema Kapteni.

"Hodi," ilisema sauti laini kutoka kwenye vipimo.

"Ngoja kidogo," Kapteni aliijibu. "Nina mgeni."

"Hodi."

"Na huyu naye! Watu hawawezi kumaliza neno moja?"

"Hodi," ilisema sauti kwa mara ya tatu, kwa unyonge, ikanyamaza.

Mawingu yalipasuka. Asteria aliona miti, si kama rangi ya kijani chini kwa mbali, bali mti mmoja mmoja, wenye matawi.

"We mzee, toa mikono!" alipiga ukelele. "Toa!"

Akampokonya usukani, akasukuma nguvu zote za injini, akaivuta ndege juu hadi kila kitu kikalia: vyuma, vyombo vya chai, abiria. Karanga zilimwagika zikakimbilia mlangoni. Abiria waliokaa upande wa kushoto walisema baadaye kwamba waliuona mzinga wa nyuki umetundikwa mtini, na mmoja wao, mfuga nyuki, aliapa kwamba ulikuwa tayari kwa kurinwa.

Kisha kukawa na jua, na anga tupu.

Kapteni Mwinyimvua alitazama mikono yake, iliyokuwa imebaki hewani kama ya mtu anayeomba dua.

"Umeniitaje?" aliuliza hatimaye.

"We mzee."

"Na kabla ya hapo, hata shikamoo hukusema?"

"Kabla ya hapo hapakuwa na nafasi, Kapteni."

Mzee Salehe aliokota kofia yake. "Na mimi nilikuwa nakaribia kabisa kufika kwenye mlima," alisema kwa uchungu.

*

Abiria waliteremka Mabungo, wakabusu ardhi, wakaenda zao. Habari ilifika Wizarani kabla hawajapata mizigo yao, nayo iliandikwa hivi: msaidizi amemtukana Kapteni akiwa kazini.

Baraza la Adabu Angani lilikutana chini ya Waziri mwenyewe. Ukumbi ulijaa. Mashtaka yalikuwa matatu. Kwanza, kumwita mkubwa "we". Pili, kumruka mshenga akiwa katikati ya maneno na karanga zikiwa bado mdomoni. Tatu, ambalo Waziri alisema lilimnyima usingizi, kupokea usukani kwa mkono mmoja.

"Mkono wa pili ulikuwa kwenye injini, Mheshimiwa," alisema Asteria.

"Kwa hiyo unakiri."

"Nakiri. Tungekufa."

"Tungekufa, tungekufa." Waziri alivua miwani. "Binti, hapa tunafuata ushahidi. Ajali iko wapi?"

"Haikutokea, Mheshimiwa. Hiyo ndiyo hoja yangu."

"Basi hoja yako haina kielelezo. Wenzako wawili waliopita walikuwa na adabu, na ajali zao tunazo, tunaweza kuzionyesha. Wewe unatuletea ajali ambayo haipo na kutuomba tuiamini."

Ukumbi ulinong'ona kwa kuridhika. Mzee Salehe aliitwa kutoa ushahidi. Alieleza kwamba mazungumzo yalikuwa yakienda vizuri sana, pande zote mbili zilikuwa zimesikilizana, na alikuwa amebakiza maneno machache.

"Na mlima?" aliuliza mjumbe mmoja wa Baraza.

"Mlima nao ulikuwa umebakiza kidogo," alisema Mzee Salehe, ambaye alikuwa mtu mkweli.

Waziri hakuwa mkatili. Alimwambia Asteria kwamba Baraza lilikuwa tayari kumsamehe. Apige magoti mbele ya Kapteni, aseme "Nimekosa, sitarudia," na leseni yake itabaki mikononi mwake. Na kwa kuwa alikuwa na kipaji, huenda baada ya miaka kadhaa akakaa kiti cha kushoto. Akikataa, asingegusa ndege tena maishani, wala kuifagia.

Kwenye kiti cha mbele kabisa cha wageni alikaa mama yake, aliyekuwa ameuza mashine yake ya kushona ili amsomeshe. Mama alimwonyesha kwa mkono: chini, piga magoti.

Asteria aliinamisha kichwa, na watu walidhani anashuka.

"Neno la kwanza naweza kulisema, Mheshimiwa," alisema. "Nimekosa adabu. La pili siwezi. Nikisema sitarudia, nitakuwa nimewaahidi abiria kwamba nitawaua."

"Basi," alisema Waziri, akashika kalamu.

Ndipo Kapteni Mwinyimvua Kondo alipoinuka. Ukumbi mzima ukainuka naye, kwa maana hakuna aliyeweza kukaa mzee yule akiwa amesimama.

"Nimekuwa nikiruka tangu Waziri anavaa kaptula," alisema. "Sijawahi kuambiwa nimekosea. Nikajua sikosei. Sasa huyu mtoto amenitukana. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikala, nikalala. Nilipoamka nikawaza: nimekula, nimelala, nimeamka. Wale waliotangulia waliosindikizwa kwa samahani hawakuamka." Akamtazama Asteria bila upendo wowote. "Hana adabu. Sauti yake kama msumeno. Nataka kuruka na huyu huyu. Mwingine simtaki."

Waziri alitoka jasho. "Lakini, mzee wetu, sheria..."

"Unanikatiza?" aliuliza Kapteni.

Hapo Baraza zima likapoa. Kapteni alikuwa mkubwa kwa umri kuliko mtu yeyote ukumbini, akiwamo Waziri. Kwa mujibu wa Sheria ya Heshima, iliyotungwa na Waziri mwenyewe, kumpinga moja kwa moja hakungewezekana. Waziri alimwashiria Mzee Salehe. Mzee Salehe akavua kofia, akakohoa, akasema, "Mwenye nyumba, umeamkaje?" Lakini Kapteni Mwinyimvua alikwisha toka nje, kwani ana haki ya kutoitikia.

*

Hukumu ilichukua muda kuandikwa, na wanasheria wanaiona hadi leo kuwa kazi nzuri. Asteria Mkude alitiwa hatiani kwa mashtaka yote. Alitangazwa kuwa mtu asiye na adabu, daima. Akapewa kibali maalumu cha kukosa adabu, kitakachotumika ndani ya chumba cha marubani, ndani ya ndege ya Kapteni Mwinyimvua tu, kisichoweza kurithiwa wala kuazimwa. Ndege nyingine zote ziliendelea na washenga, ili mfano mbaya usienee.

Wizara ilitegemea kwamba abiria wangeisusa ndege hiyo. Nani angependa kuruka na msichana anayepigia watu wazima makelele?

Jambo la ajabu, ambalo nalieleza bila kulifafanua, ni kwamba kuanzia juma lililofuata tiketi za ndege hiyo hazikupatikana. Mke wa Waziri alihamishia safari zake zote huko. Majaji wakafuata. Wajumbe wa Baraza la Adabu Angani waligundua kwamba ratiba yake inawafaa zaidi, ingawa haikuwa imebadilika. Mwishowe lilitoka agizo la siri kwamba viti vya ndege ya Kapteni Mwinyimvua vitengwe kwa viongozi na familia zao, ili kuwakinga wananchi na lugha chafu.

Wananchi walipanda zile zenye adabu.

Mbele ya abiria Asteria hakuonekana kufurahi wala kuhuzunika. Alifanya kazi. Alimwambia Kapteni "Umekosea" mara nyingi kiasi kwamba Kapteni alianza kumwuliza kabla hajakosea. Chai aliiacha; alisema inampotezea umakini. Lakini kila walipotua, Asteria alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi wa Shirika kuuliza sheria itafutwa lini. Kila mara alijibiwa kwamba yeye anaruhusiwa kukosa adabu angani tu, na kwamba hapo walikuwa chini.

Rafiki yake wa chuo, Dismas Haule, alikuwa msaidizi katika mojawapo ya ndege nyingine. Dismas alikuwa ametunukiwa nishani ya Msaidizi Mnyenyekevu.

"Dismas, ukiona kitu, piga kelele," Asteria alimwambia siku moja kwenye mgahawa wa uwanjani. "Utashtakiwa, basi. Mimi nilishtakiwa, nipo hapa nakula chapati."

"Wewe una kibali, dada," alisema Dismas. "Na mzee wako alikutetea. Wangu mimi hata nikipiga chafya ananitazama." Akacheka. "Usijali. Mshenga wetu anaongea haraka."

Ndege ya Dismas iligonga Mlima Kitonge wakati wa mvua za vuli.

Kinasa sauti kilipatikana kikiwa kizima. Kilionyesha kwamba utaratibu ulizingatiwa kwa ukamilifu. Mshenga alikuwa kweli anaongea haraka. Alikuwa amekwisha pita watoto na shamba na kufika kwenye hali ya mifugo. Karanga zilikuwa zimetolewa. Hodi zote tatu zilisikika vizuri. Baada ya kumtuma mshenga, sauti ya Dismas haikusikika tena popote, na Wizara ilitaja jambo hilo katika salamu zake za rambirambi kama ushahidi wa malezi bora.

*

Mazishi ya pamoja yalipangwa kufanyika Mabungo, na Waziri ndiye aliyetakiwa kuyahutubia. Aliondoka mji mkuu asubuhi kwa ndege ya Kapteni Mwinyimvua. Viti vya nyuma, kwa huruma ya serikali, walipewa ndugu wa marehemu.

Kabla ya milango kufungwa, Asteria alitoka chumba cha marubani. Alipita kwenye njia ya katikati mpaka kiti cha kwanza, akasimama mbele ya Waziri. Hakupiga goti.

"Futa sheria ile," alisema. "Leo. Simama pale makaburini, sema imefutwa. Kesho asubuhi kuna ndege nyingine inakwenda kule kule, na msaidizi wake ni mtoto aliyemaliza chuo juzi. Hataweza kusema kitu."

Waziri alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaweka mkono kwenye mkono wa Asteria kwa upole wa kweli, kama baba.

"Binti yangu," alisema, "mimi na wewe tuna msiba mmoja. Lakini mambo kama haya hayasemwi hivi. Tafuta mtu mzima umtume kwangu. Nitamsikiliza."

Asteria angeweza kukataa kuirusha ndege, na alilifikiria hilo. Lakini nyuma ya Waziri walikaa wazazi wa Dismas, na jeneza la mtoto wao lilikuwa limekwisha tangulia. Akageuka, akarudi mbele, akafunga mlango.

Waziri alishusha pumzi. Alitoa hotuba yake mfukoni, hotuba kuhusu utii na malezi kama nguzo za usalama wa anga, akaikunjua juu ya magoti. Mwasiti alipopita akikagua mikanda, Waziri alimshika kidogo upande wa gauni.

"Dada, huyu ndiye atakayeturusha?"

"Ndiye, Mheshimiwa. Pamoja na Kapteni."

"Na unamwonaje?" Waziri aliinama, akapunguza sauti. "Bado hana adabu?"

"Hana, Mheshimiwa. Si umemsikia mwenyewe?"

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Afadhali," alisema Waziri, akafunga mkanda.